Aiptasia kwenye tangi la maji ya chumvi: sindano, kamba, koa au samaki?

Kwanza wanaonekana aiptasia wawili nyuma ya jiwe, anemoni wadogo wasumbufu, wembamba, wa kahawia unaopitisha mwanga. Miezi michache baadaye wako kwenye kila ufa, wamezunguka mashina ya matumbawe, wengine wamejibanza ndani ya bomba linalorudisha maji tangini. Mwenye tangi akiuliza afanye nini hupewa majibu manne au matano yanayopingana, na kila anayejibu ameliona jibu lake likifanya kazi. Wote husema kweli. Kinachotofautiana ni matangi yao: kiasi cha maji, wanyama wanaoishi humo, na mahali hasa ambapo anemoni hawa wamejificha. Ulinganisho huu unaanzia hapo.

Mjue unayepambana naye

Aiptasia ana shina refu na minyiri mirefu myembamba iliyochongoka. Ukimgusa, hujivuta ndani ya tundu papo hapo. Anemoni mwingine msumbufu, majano, ni mfupi na mnene, na minyiri yake ina vinundu nchani, mara nyingi vya kijani au zambarau. Watofautishe kabla hujatoa pesa. Koa anayeuzwa kwa kazi hii hamli majano hata kidogo, na kamba humgusa kwa nadra, kwa hiyo aliyekosea utambulisho hujaza tangi wanyama watakaokufa njaa huku majano wakiendelea kuongezeka.

Aiptasia huongezeka bila kuhitaji mwenzi. Anaposogea juu ya jiwe, mguu wake huacha vijipande vya nyama, na kila kijipande hukua kuwa anemoni kamili. Ndiyo maana kumkwangua kwa kisu au kumng'oa kwa koleo ni kumpanda upya: unaondoa mmoja unayemwona, unaacha mbegu za watano. Ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo wanaomlisha kwa nguvu ya mwanga, na juu ya hapo hukamata mabaki ya chakula cha samaki. Tangi linalolishwa kupita kiasi humnenepesha yeye kwanza. Kupunguza chakula hakutammaliza, lakini njia yoyote kati ya zilizo hapa chini itakwenda vizuri zaidi kwenye tangi ambalo samaki wake wanamaliza chakula ndani ya dakika mbili tatu.

Vigezo vya kupimia

Keti mbele ya tangi usiku, taa zikiwa zimezimwa, na umulike kwa tochi. Wahesabu. Angalia kama ni wadogo chini ya sentimita 2 au wakubwa, kama mkono au sindano inaweza kuwafikia, na kama wamo pia kwenye sampu (tangi la pili la kuchujia maji) na sanduku la kumwagikia maji. Kisha orodhesha wakazi: samaki wanaokula kamba, matumbawe yenye nyama laini, chaza wa Tridacna, minyoo ya mirija. Mwisho jiulize mambo mawili: unaweza kusubiri muda gani, na mnyama utakayemleta ataishi vipi baada ya kazi kuisha. Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linaloua wanyama wengi.

Sindano ya chokaa

*Inavyofanya kazi.* Chokaa iliyozimwa, yaani haidroksidi ya kalsiamu, ina pH inayozidi 12 ikichanganywa na maji kidogo. Anemoni akiimeza, nyama yake huungua kutoka ndani. Tumia chokaa safi ya kiwango cha chakula au ile inayouzwa kwa ajili ya matangi. Chokaa ya kupaka ukuta iache dukani, kwa kuwa usafi wake hauna uhakika. Kopo libaki limefungwa vizuri: chokaa iliyokaa wazi hunyonya kaboni dioksidi hewani, hugeuka kuwa kalsiamu kaboneti na haiunguzi kitu. Wengi wanaolalamika kwamba chokaa haikufanya kazi walitumia unga uliokwisha kufa.

*Inachohitaji.* Vaa glavu na miwani ya kinga. Uji huu ukiingia jichoni ni hatari ya kweli. Chukua vijiko viwili vya chai vya unga, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo hadi upate uji mzito unaopita kwenye sindano pana, geji 18 au pana zaidi. Zima pampu zote, usubiri dakika 5 maji yatulie. Sogeza sindano polepole hadi karibu na mdomo wa anemoni bila kumgusa. Kivuli au mtikisiko humfanya ajifunge, na akijifunga umeshampoteza, hivyo nenda kwa mwingine kwanza urudi baadaye. Achia takriban mililita 1 katikati ya mdomo, mpe sekunde kadhaa ameze, kisha mfunike mwili mzima. Pampu zibaki zimezimwa kwa dakika 20 hadi 30, kisha nyonya mabaki meupe kwa mpira mwembamba kabla mkondo haujayatawanya.

Idadi kwa kikao kimoja ndiyo inayotenganisha kazi safi na maafa. Kwa tangi la lita 200, anza na anemoni 5 au 6. Kwa tangi la lita 60, wawili wanatosha. Pima pH kabla na baada; ikipanda kwa 0.2 au ikifika 8.5, simama hapo hadi kesho. Ukilazimisha, kalsiamu na alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isibadilike) hushuka pamoja kama unga mweupe majini, na matumbawe huumia kuliko aiptasia.

*Kinachoharibika.* Uji ukimwangukia tumbawe huliunguza, basi lipulizie maji mara moja kwa bomba la mpira. Anemoni aliyenusurika nusu huota tena ndani ya wiki moja au mbili, na mara nyingi pembeni yake huchipuka wadogo. Panga vikao vya kurudia kila baada ya siku 7 hadi 10. Njia hii pia haifiki mahali ambapo jicho na sindano havifiki, nayo ndiyo mipaka yake halisi.

Juisi ya limau, siki na maji yaliyochemka hutumika kwa mtindo huohuo, lakini lazima vichomwe ndani ya mwili, maana ukivimwaga juu huyeyuka majini bila madhara. Maji ya moto hupoa haraka ndani ya sirinji, kwa hiyo yanafaa kwa jiwe ulilolitoa nje zaidi kuliko chini ya maji. Dawa za viwandani zilizotayarishwa hufuata hatua zilezile, na uzuri wake ni kwamba uji wake unanata vizuri.

*Inamfaa nani.* Mwenye anemoni wasiozidi ishirini hivi wanaofikika, mwenye tangi dogo lisiloweza kuchukua samaki zaidi, na yeyote mwenye majano.

Kamba wa Lysmata

*Inavyofanya kazi.* Hawa ni kamba wa sentimita 5 hadi 7, mwili unaopitisha mwanga wenye mistari myembamba myekundu. Wanaouzwa zaidi ni Lysmata wurdemanni na ndugu yake Lysmata boggessi, wote wa upande wa magharibi wa Atlantiki. Hula usiku, na hupenda aiptasia wadogo. Mkubwa mwenye minyiri iliyotanuka humwogopa na kumpita.

*Inachohitaji.* Kamba mmoja kwa kila lita 40 ni kipimo kizuri cha kuanzia, na wasipungue watatu, kwa sababu si kila kamba ana hamu ya anemoni. Wazoeze maji kwa njia ya matone, yaani maji ya tangi yadondoke kidogo kidogo kwenye chombo chao, kwa saa moja au zaidi, maana mabadiliko ya ghafla ya chumvi huwaua. Tangi lililowahi kutibiwa kwa dawa ya shaba si mahali pao. Lisha samaki mchana, kidogo, ili usiku pasibaki kitu cha kuwashibisha kamba. Ukifuata hili, wiki mbili hadi tatu zinatosha kuonyesha kama wanafanya kazi.

*Kinachoharibika.* Kosa la kwanza hutokea dukani. Kamba-ngamia, Rhynchocinetes durbanensis, anayepatikana Bahari ya Hindi, huuzwa mara nyingi kana kwamba ni Lysmata. Mtambue kwa nundu kubwa mgongoni, macho makubwa, mistari minene myeupe na madoa juu ya wekundu, na pembe ya kichwani inayoweza kupanda na kushuka. Huyu hula polipi (vijinyama hai vyenye mdomo) za matumbawe laini, na aiptasia hamshughulikii. Kosa la pili ni kumweka Lysmata pamoja na vikande wakubwa, samaki simba au samaki wengine wanaowinda kamba. Hapo umenunua chakula cha bei ghali. Lysmata wenyewe wana tabia ya kupora chakula kilicho mdomoni mwa matumbawe yenye polipi kubwa, na wakiishiwa na aiptasia hubaki kuwa wala-mabaki. Hilo ni zuri kwa tangi, kwa kuwa hawafi njaa.

*Inamfaa nani.* Mwenye aiptasia wengi wadogo, tangi la samaki wapole, na asiyetaka kufuga mnyama wa chakula kimoja tu.

Koa, Berghia stephanieae

*Inavyofanya kazi.* Koa huyu wa bahari ana urefu wa sentimita 2 hadi 3, mwili mweupe wenye manyoya laini mgongoni. Hula aiptasia peke yake. Haligusi tumbawe, chaza wala minyoo, na ndiye pekee kati ya wote wanaotajwa hapa anayeweza kuingia kwenye nyufa na mapango yasiyofikika kwa kitu kingine. Kila mmoja ana jinsia zote mbili, kwa hiyo wawili wowote wakikutana hutaga. Mayai ni uzi mweupe uliojizungusha, huanguliwa ndani ya siku 10 hadi 14 kutegemea joto, na kizazi kipya ndicho kinachofanya kazi kubwa. Waliotiwa mwanzo ni mbegu tu.

*Inachohitaji.* Kwa tangi la lita 200, sita hadi kumi, wote kwa pamoja. Kuwatawanya mmoja mmoja ni kuwapoteza, kwa kuwa lazima wakutane. Wazoeze kwa matone, subiri taa zizimike, zima pampu, kisha washushe kwa bomba nene la mpira hadi chini ya jiwe lenye aiptasia wadogo na wa wastani. Wape dakika 20 washike jiwe kabla ya kuwasha pampu. Weka sponji kwenye mdomo wa kumwagikia maji, maana mkondo huwabeba hadi sampu, na huko huishia kwenye soksi ya chujio.

Kisha subiri. Wiki kadhaa za mwanzo hutaona chochote, na wengi hukata tamaa hapo, wakaanza kuchoma chokaa juu ya koa wao wenyewe. Mabadiliko huonekana kati ya mwezi wa pili na wa nne: kwanza wadogo wanapotea, halafu nyufa zinabaki tupu, mwisho wale wakubwa wanaanza kusinyaa kwa kuliwa na kadhaa kwa wakati mmoja.

*Kinachoharibika.* Samaki wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, na jamaa zake huwadonoa mmoja mmoja. Kamba wa Lysmata huwala pia, hivyo njia hizi mbili zichague moja. Hata kitatange atawamaliza. Shaba huwaua. Aiptasia mkubwa sana anaweza kumdhuru koa mchanga aliye peke yake.

Halafu kuna siku ya mafanikio yenyewe. Aiptasia wakiisha, koa hawana chakula kingine na hufa ndani ya wiki chache, wakati mwingine wengi kwa pamoja. Wakusanye usiku kwa tochi na wagawie wenye matangi yanayowahitaji. Kwa walio karibu na pwani ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, tunasema bila kusita: usiwaachie baharini. Spishi hii ni ya Atlantiki, na mnyama mgeni hana ruhusa ya kuanzia maisha kwenye miamba yetu kwa sababu tu mwenye tangi amemaliza kazi naye. Hilohilo ni kwa kamba wa Lysmata.

*Inamfaa nani.* Mwenye matumbawe ya thamani, aiptasia waliozama ndani ya miamba, tangi lisilo na maadui wa koa, na subira ya miezi. Wafugaji wao wengi wako Ulaya na Marekani, kwa hiyo hesabu gharama ya safari na hatari ya joto njiani kabla ya kuagiza.

Kikande, Acreichthys tomentosus

*Inavyofanya kazi.* Ni samaki mdogo wa jamii ya vikande, asiyezidi sentimita 12 hivi, anayejigeuza rangi kufuata mazingira na kushika jani au tawi kwa mdomo akilala. Hudonoa aiptasia wakubwa kwa wadogo mchana kweupe, na matokeo unaweza kuyaona ndani ya wiki moja.

*Inachohitaji.* Lita 150 na kuendelea, mkondo usiokuwa mkali, na majirani wasiomwonea chakulani, kwa kuwa huogelea polepole. Hula pia kamba walioganda, jambo linalomwezesha kuishi baada ya aiptasia kuisha.

*Kinachoharibika.* Baadhi yao hudonoa zoanthidi (wanyama wadogo wa jamii ya anemoni na matumbawe), matumbawe yenye nyama laini na pindo la chaza wa Tridacna. Hakuna njia ya kujua mapema ni yupi atafanya hivyo. Mweke ukiwa tayari kumtoa, na kumkamata ndani ya tangi lenye mawe ni kazi ya nusu siku.

*Inamfaa nani.* Mwenye tangi la wastani, anemoni wa ukubwa mchanganyiko, na matumbawe magumu ya polipi ndogo kuliko yale yenye nyama.

Kitatange

*Inavyofanya kazi.* Chelmon rostratus, mwenye mdomo mrefu kama kibanio na mistari ya rangi ya shaba, huchomoa aiptasia kutoka ndani ya matundu. Kwenye matangi ya samaki watupu, yaani yasiyo na matumbawe, kuna mbadala wa nyumbani: Chaetodon lunula, anayeishi pwani ya Afrika Mashariki, hula aiptasia kwa nguvu zaidi, lakini matumbawe laini nayo ni chakula chake.

*Inachohitaji.* Wote wawili hufika sentimita 20, hivyo hesabu lita 450 au zaidi. Chelmon ni mgumu kulishwa. Dukani, omba umwone akila mbele yako. Mwenye tumbo lililobonyea au mdomo uliojeruhiwa muache. Nyumbani mfungulie kome mbichi kwenye gamba lake, mpe artemia hai (vijidudu vya jamii ya kamba), halafu umzoeze pole pole vyakula vilivyoganda.

*Kinachoharibika.* Wengi hufa njaa ndani ya wiki za kwanza wakiwa wamezungukwa na aiptasia, kwa sababu walifika wakiwa wamedhoofika. Walio hai humaliza minyoo ya mirija, na wengine hudonoa chaza.

*Inamfaa nani.* Mwenye tangi kubwa lililokomaa, aliyekuwa akimtaka samaki huyu hata bila aiptasia. Kumnunua kama dawa tu si haki kwake.

Na kulitoa jiwe?

Kama wote wako kwenye jiwe moja linalotoka kirahisi, litoe na ulikaushe juani kwa wiki kadhaa. Usitoe mawe mengi kwa wakati mmoja, maana bakteria wanaosafisha amonia wanaishi humo. Na kamwe usilichemshe: jiwe lenye zoanthidi, hasa Palythoa, likichemshwa linaweza kutoa mvuke wenye palitoksini, sumu ambayo imewahi kupeleka familia nzima hospitalini.

Kwa hali yako

Umeona watatu, jiwe liko mbele, tangi ni la lita 80: chokaa leo, kagua tena baada ya wiki, na ukinunua tumbawe lingine, kabla ya kuliweka tangini likate kutoka kwenye kizibo chake (kitako kidogo lilichobandikwa), kwa kuwa aiptasia wengi huingilia hapo.

Wako wengi wadogo, samaki ni wapole, huna koa wa kuagiza karibu: kamba wa Lysmata, na chokaa kwa wakubwa ambao kamba wanawaogopa. Njia hizi mbili zinaelewana, mradi vikao vya chokaa vifanyike mchana kamba wakiwa wamejificha.

Tangi la matumbawe limejaa kila ufa na hakuna samaki wa mistari sita: koa. Kama samaki huyo yupo, amua kwanza kama utamtoa, maana koa kumi watakuwa chakula chake cha wiki.

Tangi la samaki watupu, kubwa: Chaetodon lunula atamaliza kazi kabla ya wengine kuanza. Tangi la wastani lenye matumbawe magumu: kikande, ukiwa na mahali pa kumhamishia.

Una majano: chokaa, mmoja baada ya mwingine, huku ukifuatilia pH.

Wamo kwenye sampu, sanduku la kumwagikia maji na mabomba: huko hakuna mnyama atakayekusaidia kwa uhakika, isipokuwa koa wakibahatika kufika na wasinaswe kwenye chujio. Zima mfumo, toa bomba, lioshe kwa maji ya moto yasiyo na chumvi, likauke kabisa ndipo ulirudishe. Tangi linaloshambuliwa tena na tena baada ya kusafishwa mara nyingi linalishwa na hao waliobaki bombani, kwa hiyo anza na bomba kabla ya kununua mnyama mwingine yeyote.